Walimwita Kabla

Maroa hakutaka kwenda Homa Bay. Mambo ya ngozi ya binti yake Beverly yalikuwa mambo ya mkewe, Pamela, tangu mtoto alipokuwa wa kubebwa. Pamela ndiye aliyejua mafuta yapi yanawasha na yapi yanatuliza, sare ipi ina mshono unaokwaruza shingo, na ni usiku upi mtoto alipata usingizi. Lakini Pamela alikuwa amejifungua, na kichanga kilikuwa hakijatoka hata nje ya ua. Na kaka yake Pamela, Willis, aliyekuwa mhudumu wa afya wa kijiji kule Sindo, hakuchoka kupiga simu.

"Shemeji, hii nafasi ikipita imepita," Willis alisema. "Ni utafiti wa dawa ya watoto wenye pumu ya ngozi. Daktari wa ngozi atamwona, dawa atapewa, nauli mtarudishiwa. Wanachotaka ni mzazi aje mwenyewe. Si shangazi, si jirani."

"Utafiti," Maroa alisema, kama mtu aliyeuma kokoto kwenye maharagwe. "Yaani wamjaribie mtoto wangu."

"Njoo usikie kwanza. Ukikataa, umekataa."

Pamela alikuwa amekaa kitandani akinyonyesha. Alimtazama tu mumewe mpaka akaenda kutafuta viatu vyake vya safari.

Maroa alikuwa Mkuria wa Ntimaru. Alifika Osiri akiwa kijana, akaingia mashimoni kutafuta dhahabu, na baada ya shimo moja kubomoka karibu naye akaamua kufanya kazi ya juu ya ardhi: alisimamia mashine ya kusaga mawe. Pamela alitoka Sindo kuja kuwapikia wachimbaji. Walipooana, yeye hakujua Kijaluo wala mkewe hakujua Kikuria, na nyumba yao ikawa nyumba ya Kiswahili. Beverly, mtoto wao wa kwanza, sasa alikuwa darasa la nne. Alikuwa mwepesi wa hesabu, mzito wa maneno, na ngozi yake ilikuwa imemsumbua maisha yake yote. Kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ilikuwa nene na nyeusi kuliko kwingine. Shingoni ilipasuka. Ikichachamaa ilipanda mpaka usoni, macho yakavimba, naye akajikuna mpaka shuka zikashika madoa ya damu.

Kila upande ulikuwa na maelezo yake. Mama yake Maroa kule Ntimaru alisema ni samaki: mtoto amezaliwa na watu wa ziwani, damu imejaa samaki, basi asile tena. Mama yake Pamela kule Sindo alisema samaki hajawahi kumdhuru mtu, na kwamba kuna jambo halikufanywa sawa wakati wa harusi. Beverly akaacha kula samaki, na harusi ikatengenezwa upya kwa mbuzi wawili, na ngozi haikubadilika. Walijaribu krimu za duka la dawa, maombi, majani ya kuchemsha, na mwisho mafuta ya mtu mmoja wa mitishamba mjini Migori aliyeitwa Levis. Mafuta ya Levis, ya kopo la kijani, yaliing'arisha ngozi kwa muda mfupi. Kila walipoacha kuyapaka, ugonjwa ulirudi na hasira. Kwa hiyo hawakuyaacha.

Kliniki ya utafiti ilikuwa jengo dogo lililopakwa rangi mpya, na viti vyake vilikuwa vya kutosha, jambo lililomshangaza Maroa. Muuguzi aliyewapokea aliitwa sista Bonareri, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliwaketisha akaanza kueleza, naye alieleza kwa muda mrefu. Kila mahali alipofika alisimama akauliza, "Hapo nimeeleweka?" Baadaye daktari mwenyewe akaja, kijana aitwaye Mayaka, akavuta kiti akakaa.

"Damu yake mtaipeleka wapi?" Maroa aliuliza.

"Nyingine itapimwa hapa hapa, nyingine kidogo itaenda maabara Nairobi. Ikishapimwa inaharibiwa."

"Na hiyo dawa mpya ikimdhuru?"

"Imepimwa kwa watu wazima, na kwa watoto kadhaa," Daktari Mayaka alisema. "Tulichoona ni kuwashwa pale inapopakwa, na wengine vipele vidogo. Likitokea kubwa tunasimamisha, na matibabu ni juu yetu. Lakini siwezi kukuapia kwamba tunajua kila kitu. Tungekuwa tunajua, tusingekuwa na haja ya utafiti."

"Na si wote watapata hiyo mpya?"

"Si wote. Kundi moja litapaka mpya, lingine litapaka ile inayotumika hospitalini siku zote. Kompyuta ndiyo inayogawa. Mirija inafanana, sista hajui, mimi sijui, na wewe hutajua mpaka mwisho."

"Kwa hiyo ninaweza kutoka Osiri kuja hapa mara hizi zote, kumbe mtoto anapaka ya zamani?"

"Ndiyo. Inawezekana."

Maroa alimtazama. Watu wote waliowahi kumtibu Beverly walimwambia kwamba mtoto atapona, hakuna shaka. Huyu hata nusu ya ahadi hakutoa.

"Angekuwa mtoto wako?"

Daktari alifikiri. "Ningeuliza kama unavyouliza. Halafu nadhani ningekubali. Lakini si jambo la kukurupukia, mzee."

Hilo ndilo lililomgeuza Maroa. Aliomba aachwe peke yake, akampigia Pamela, wakazungumza mpaka simu ikapata joto sikioni. Aliporudi ndani aliomba kalamu, akaweka sahihi. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia alilobeba kutoka mbali. Alikuwa amekuja na kisirani, akasikiliza, akaamua jambo la maana kwa ajili ya mwanawe. Tayari alikuwa akifikiria jinsi atakavyomsimulia mkewe.

"Asante, Baba Beverly," sista Bonareri alisema. "Sasa tumuulize mwenyewe."

"Tumuulize nani?"

"Beverly. Kwa umri wake sheria inataka naye akubali."

Maroa alicheka kidogo. "Muulize tu. Hana neno."

Sista alivuta kiti kidogo cha plastiki akakaa sawa na mtoto, goti kwa goti. Alimwonyesha vibonzo vya msichana anayepakwa dawa, msichana anayepimwa damu, msichana anayepigwa picha ya mkono. Alimweleza kila kimoja. Beverly alikuwa amevuta mikono ya sweta mpaka vidole vimefichika.

"Kwa hiyo Beverly, ungependa kujiunga nasi?"

Mtoto alitazama vile vibonzo. "Hapana."

"Beverly!" Maroa alisema.

"Ngoja, baba," sista alisema bila kugeuka. "Hapana ni jibu. Kuna kitu ungependa kuniuliza, mama?"

"Hapana."

"Sawa. Asante kwa kuniambia."

Maroa alisimama. "Sista, huyu ni mtoto. Mimi ndiye baba yake, nimeshaweka sahihi. Ameogopa sindano tu, atazoea."

"Pengine," sista Bonareri alisema. "Lakini amesema hapana, na mimi siwezi kumpaka mtoto dawa ya utafiti aliyoikataa. Bado tunaandikisha mpaka mwisho wa mwezi. Akibadili mawazo nipigieni. Asipobadili, Daktari atamwandikia ya kawaida, hatoki mikono mitupu."

Maroa alitoka nje masikio yakimchoma. Alitembea mbele, mtoto nyuma, mpaka kituoni. Hakumgombeza. Alimnunulia maandazi na soda, akakaa naye kungoja gari.

Walikuwa wamepanga kupitia Sindo kumpelekea bibi habari za kichanga, na Maroa hakuona sababu ya kubadili safari. Mama mkwe aliwapokea kwa furaha iliyo na mipaka yake. Alimsalimia Maroa akiwa amesimama mbali, macho pembeni, kama inavyostahili, akaagiza apelekewe uji chini ya kivuli cha ukuta. Mkwe halali nyumbani kwa mama mkwe, si kwa Wajaluo si kwa Wakuria, kwa hiyo jioni Maroa alienda kukodi chumba kule sokoni na kumwacha Beverly kwa bibi yake. Alipokuwa anatoka aliwasikia wawili hao wakizungumza Kijaluo. Aliambulia neno moja tu, *picha*, kwa kuwa halikuwa la Kijaluo.

Asubuhi Willis alimkuta hotelini akinywa chai.

"Shemeji, mama amenituma," Willis alisema akivuta benchi. "Angekuja mwenyewe, ila unajua hawezi kukaa nawe meza moja."

"Sema."

"Mtoto hakukataa dawa. Hata sindano hajali. Amekataa picha."

"Picha gani?"

"Sista alimwambia kila akija watampiga picha ya ngozi." Willis alisita, akazungusha kikombe cha shemeji yake juu ya meza kana kwamba ni chake. "Unalikumbuka bango la Levis?"

Maroa alilikumbuka. Mwaka uliopita, siku ya kwanza walipompeleka Beverly kwa Levis, uso wote ulikuwa umechachamaa, jicho moja limefumba kwa uvimbe, mashavu yanatoa maji. Levis aliomba kumpiga picha ili wengine wenye shida kama hiyo wapate moyo, naye angewapunguzia bei. Maroa alikuwa mlangoni akizungumza kwa simu. Alitikisa kichwa kukubali. Baadaye picha ilitokea kwenye bango kubwa kando ya barabara pale Migori, karibu na stendi. Upande mmoja uso wa Beverly, juu yake neno KABLA. Upande wa pili uso wa msichana laini kama yai, juu yake neno BAADA. Yule wa pili hakuwa Beverly. Maroa alipoliona mara ya kwanza alicheka na kusema Levis ni mjanja sana. Kisha akaacha kuliona, kama mtu anavyoacha kuona mabango yote ya barabarani.

"Watoto wa shule wameliona," Willis alisema. "Kila anayeenda Migori analiona. Wanamwita Kabla."

"Wanamwita nani?"

"Kabla. 'Kabla, lete mpira. Kabla, usikae hapa.' Hata mwalimu mmoja ilimponyoka darasani, wote wakacheka. Amekuwa akiitwa hivyo tangu mwaka jana."

Maroa aliweka kikombe chini. Chai ilikuwa bado moto lakini hakuigusa tena.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Mimi nimetumwa na hilo tu," Willis alisema kwa upole. "Hilo lingine muulize mwenyewe."

Hakumuuliza siku hiyo. Walirudi kupitia Homa Bay na Rongo, na walipokaribia Migori aliona jambo ambalo pengine lilikuwa likitokea mbele ya macho yake kila safari. Kabla ya kufika stendi mtoto alivuta kofia ya sweta mpaka puani, akainama kama anayefunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

"Tushuke hapa," Maroa alisema.

"Si tunaenda nyumbani?"

"Tunaenda. Tushuke kwanza."

Alimketisha kwenye kibanda cha soda ng'ambo ya barabara, akamwomba mama mwenye kibanda amwangalie. Beverly aliligeuzia bango mgongo. Maroa akavuka.

Levis alikuwa mtu mnene mchangamfu, mwenye koti jeupe la daktari. "Karibu, Baba Beverly! Mafuta yameisha?"

"Nimekuja kulitoa lile bango."

"Bango? Limefanya nini?"

"Lina uso wa mtoto wangu."

"Tulikubaliana, ndugu yangu. Ulikubali mwenyewe, hapo hapo mlangoni. Na bei nilikupunguzia."

"Nilikubali," Maroa alisema. "Yeye hakuulizwa. Sasa nalitoa."

"Huwezi kutoa mali ya mtu. Lile nimelichapisha kwa pesa yangu."

Maroa alichukua kiti cha wagonjwa, akakitoa nje, akapanda. Watu wa bodaboda walisogea kutazama. Levis alisimama mlangoni akisema ataita polisi, na mmoja wa bodaboda akamuuliza kwa sauti, "Na utawaambia huyu wa BAADA ni nani, daktari?" Watu wakacheka. Levis naye akaonekana kulifikiria jambo la polisi upya. Waya zilikuwa nne, zimeshika kutu. Maroa alizikata kwa koleo alilotembea nalo kwa ajili ya mashine. Bango likaanguka na kujikunja lenyewe.

"Zile za Facebook je?" Levis alisema, sasa bila uchangamfu. "Nazo utazipandia kiti?"

Maroa alivuka barabara na bango kwapani. Mtoto alikuwa amegeuka. Alikuwa ameona yote.

"Nimelitoa," Maroa alisema. "Zilizo kwenye simu za watu sikuweza. Anasema ameweka na Facebook. Nitamwambia mjomba wako anisaidie kuziripoti, lakini sijui kama zitatoka zote."

Beverly alitazama lile bango lililokunjwa. "Sawa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua," alisema. "Tulikuwa tunapita hapa pamoja."

Maroa alikaa kwenye kreti ya soda. Aliona afadhali mtoto angemlilia, au angemlaumu kwa sauti. Lakini alikuwa amesema tu kama mtu anayejibu swali la hesabu.

"Ni kweli," Maroa alisema. "Tulikuwa tunapita pamoja. Nilikosea, Beverly. Na Homa Bay hatutarudi kama hutaki. Mimi siwezi kukulazimisha, na hata ningeweza nisingefanya."

Mtoto alinyonya soda yake mpaka mrija ukaanza kukoroma. "Na huyu mwingine? Huyu wa laini. Yeye aliulizwa?"

"Sijui."

"Labda hata yeye wanamcheka."

Nyumbani, Pamela aliposikia habari ya jina lile alilia kwa muda mfupi na kwa hasira, akiwa bado amemshika kichanga, kisha akalikata bango kwa kisu cha jikoni. Walifunikia banda la kuku, upande wa picha ukiwa chini.

Siku chache zilipita. Maroa alienda kazini akarudi. Hakutaja utafiti, na Pamela, ambaye ulimi ulimwasha, naye hakutaja, kwa sababu mumewe alimwomba hivyo. Jumamosi moja Beverly alimkuta baba yake akinoa panga.

"Baba, mtu anaweza kukataa picha na kukubali dawa?"

"Sijui. Tumpigie sista?"

Sista Bonareri alisema ndiyo, inawezekana. Picha zina mahali pake peke yake pa kukubali au kukataa. Wanaopigwa hupigwa kiwiko au goti, uso haupigwi, lakini kama hataki hata hizo, basi hakuna picha. Alimwomba Maroa ampe mtoto simu. Beverly alisikiliza, akasema "ndiyo" mara kadhaa na "hapana" mara moja, akarudisha simu.

"Tutaenda," alisema. "Picha hapana."

Safari ya pili haikuwa na mjadala. Beverly aliandika jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa, akaweka alama mahali pa kukataa picha, akaikaza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Walimtoa damu akatazama pembeni. Walimdondoshea matone kwenye mkono na kuyachoma kidogo kidogo, kujua ni nini mwili wake unakichukia. Tone la vumbi la nyumbani lilivimba. La samaki halikufanya kitu.

"Anaweza kula samaki?" Maroa aliuliza.

"Anaweza kula samaki kila siku," Daktari Mayaka alisema.

Beverly alimtazama baba yake, miaka yake yote ya kunyimwa ngege na omena ikiwa machoni. Mchana ule, kwenye hoteli ya Homa Bay, alikula samaki mzima peke yake na kuacha mifupa. Bibi wa Ntimaru alipopigiwa simu alisema mashine za hospitali huwa zinakosea.

Daktari aliuliza pia kuhusu kazi ya Maroa, na majibu hayakumpendeza. Unga wa mawe ulirudi nyumbani kwenye nguo zake, na nguo zilifuliwa beseni moja na sare za mtoto. Kuanzia sasa aoge kabla ya kuingia ndani, nguo za kazi ziwe na beseni lake, na zebaki ya kuoshea dhahabu isikanyage ua wa nyumba. Kisha akaomba kuona kopo la kijani. Alilinusa, akasoma kilichoandikwa, ambacho hakikuwa kingi.

"Ndani kuna nini?" Maroa aliuliza.

"Sijui, na hilo ndilo linalonitisha. Nashuku kuna dawa kali ya hospitali imechanganywa humo bila kusemwa. Lazima ayaache mafuta haya kwa muda kabla hatujaanza. Awe anapaka haya mengine mazito ya kulainisha tu. Nawaambia mapema: ngozi itachachamaa kabla ya kutulia. Ikizidi, nipigieni, tutamtibu, hata kama ina maana ya kutoka kwenye utafiti."

Haikuchukua muda kuchachamaa. Shingo ilipasuka, viwiko vikatoa maji, uso ukaanza kuvimba. Pamela alimfunga mtoto vitambaa vyenye maji baridi jinsi alivyoelezwa, akampaka mafuta mazito, akamfunga tena. Beverly hakwenda shule. Alitembea uani akiwa amenyoosha mikono kama jogoo anayekausha mbawa, maana ikikunjwa iliuma. Walimpigia sista, akaomba waeleze kila kitu, akasema bado iko ndani ya kiasi kilichotarajiwa, wasubiri, lakini macho yakifumba au homa ikija waje upesi.

Adhuhuri moja Maroa alirudi kula akamkuta mtoto amejikunja kivulini, akijipigapiga mapaja kwa viganja ili asijikune. Hakuweza kuvumilia. Aliingia ndani akatoa kopo la kijani lililokuwa limefichwa juu ya kabati, akachuchumaa mbele yake.

"Kidogo tu," alisema. "Shingoni peke yake. Upumzike."

Beverly alilitazama kopo kwa muda. Maroa aliona jinsi alivyolitamani.

"Nikipaka watajua?"

"Pengine wasijue."

"Lakini haitakuwa kweli. Watakuwa wanapima uongo." Alisukuma mkono wa baba yake. "Nilikubali mimi, Baba. Si wewe."

Maroa alilitumbukiza kopo kwenye choo cha shimo na kurudi kukaa naye. Mashine ilisimamiwa na mwenzake mchana ule. Alimpepea mtoto kwa kifuniko cha sufuria na kumsimulia habari za utotoni mwake kule Ntimaru, jinsi alivyokuwa akichunga ng'ombe wakavuka mpaka wakaenda kula mahindi ya Mtanzania, na Mtanzania yule akawafuata mpaka nyumbani akitaka fidia, akaishia kunywa uji na kuwa rafiki wa babu. Mtoto alicheka mahali pa kucheka. Kufikia mwisho wa juma lililofuata uvimbe ulianza kushuka wenyewe.

Walipewa mirija. Ilikuwa myeupe, yenye namba bila jina. Pamela alipaka asubuhi, Maroa jioni akisha kuoga. Alijifunza kupima krimu kwa urefu wa ncha ya kidole na kuiweka bila kuisugua. Kila walipokwenda Homa Bay sista Bonareri alipima ngozi kwa macho na vidole, akiita namba na mwenzake akiziandika. Miezi ilivyokwenda namba zilipungua. Beverly alianza kulala usiku mzima. Mikunjo ya viwiko ilibaki na weusi wake lakini ikawa laini. Kulikuwa na juma baya wakati wa kiangazi, na jingine alipopata mafua, kisha ikatulia tena.

Shuleni hakukutokea muujiza. Maroa alikwenda kumwona mwalimu mkuu, akaeleza jambo hilo bila kupandisha sauti, na mwalimu aliyeponyokwa na lile neno akaja kumwomba Beverly msamaha mbele ya darasa, kwa haraka na kwa aibu. Watoto kadhaa waliendelea kumwita Kabla. Muhula uliofuata waliobaki walikuwa wawili tu, nao alikuwa akiwashinda mbio.

Mwaka uliofuata simu ilimkuta Maroa kazini. Alizima mashine ili asikie. Sista Bonareri alisema utafiti umekamilika na majina ya makundi yamefunguliwa: Beverly alikuwa kundi la krimu ya zamani. Ile mpya ilikuwa imewasaidia watoto kiasi kikubwa zaidi, lakini si kila mtoto, na bado ingehitaji vibali kabla ya kufika hospitalini.

"Ile ya zamani," Maroa alisema. "Ya siku zote. Iliyokuwapo Migori wakati wote huu."

"Ndiyo. Alipata nafuu kwa kuipaka vizuri, na kwa kuachana na lile kopo, na kwa kazi mliyofanya nyumbani."

Alishukuru, akakata simu. Kwa kitambo alisimama na mkono juu ya mashine iliyozima. Hakujua kama alikuwa na hasira, na kama anayo, ni ya nani. Alifikiria safari zote zile. Kisha mwenzake akampigia kelele kwamba mawe yanangoja, naye akaiwasha.

Jioni aliwaambia. Pamela alicheka mpaka kichanga, ambacho sasa kilikuwa kimeanza kusimama dede, kikacheka naye. Beverly hakucheka.

"Kwa hiyo walitupima sisi ili wajue ile nyingine kama ni nzuri?"

"Ndiyo. Bila ninyi wasingejua ni nzuri kuliko nini."

"Na ni nzuri?"

"Wanasema ni nzuri kiasi."

"Basi wailete," alisema, akachukua mpira wa mifuko ya plastiki chini ya kitanda, akatoka kwenda kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wenzake waliokuwa wakimwita kutoka barabarani.